Uhuru ya Ngomeni: setilaiti yenye jina letu na nyota inayojificha

Ndugu msomaji, ukitaja eksirei kwetu mtaani, iwe ni Kongo ya Kawangware au Makina kule Kibera, mtu hufikiria hospitali tu. Umeanguka, mkono umevimba, daktari anakuandikia karatasi uende kupigwa picha ya mifupa. Hakuna anayefikiria nyota. Lakini ziko nyota zinazotoa eksirei usiku na mchana, tena kwa nguvu ambayo mashine za hospitali zote duniani zikikusanywa pamoja haziwezi hata kuikaribia. Na moja kati ya hizo, ambayo kwayo wataalamu walifahamu kwa mara ya kwanza siri ya kazi hiyo, ilichunguzwa na chombo kilichorushwa kutoka pwani yetu ya Kenya, siku ya Jamhuri, kikiwa na jina la Kiswahili.

Kisa hiki wengi wetu hatukusomeshwa shuleni. Muulize kijana yeyote pale steji ya Kongo, "Uhuru ni nini?" Atakutajia bustani ya Uhuru, barabara ya Uhuru, ama rais wa nne wa nchi hii. Setilaiti haimo. Lakini mtajie neno hilo hilo mtaalamu wa falaki wa Ujerumani, India au Japani, na jambo la kwanza litakalomjia kichwani ni setilaiti. Basi tukae kitako tusimuliane, maana mambo haya yalifanyika kwetu na sisi wenyewe hatuna habari.

JUKWAA LA BAHARINI

Kaskazini ya Malindi, mwendo wa kilomita 30 hivi, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni, kwenye Ghuba ya Ungwana. Miaka ya 1960 Waitaliano walisimamisha hapo baharini majukwaa ya chuma yenye miguu iliyokita chini ya maji. Moja liliitwa San Marco, nalo ndilo la kurushia roketi. La pili liliitwa Santa Rita. Hilo zamani lilikuwa jukwaa la kutafutia mafuta, likageuzwa likawa la kuongozea mitambo. Mwenye fikra hiyo alikuwa Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na afisa wa jeshi la anga la Italia. Roketi zenyewe zilikuwa za Marekani, aina ya Scout, nyembamba na ndogo ukizilinganisha na zile zilizopeleka watu mwezini.

Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya kwanza, San Marco 2, iliondoka hapo ikafika juu salama. Kuanzia siku hiyo mpaka Machi 1988 setilaiti tisa zilipelekwa angani kutoka kwenye jukwaa lile. Tisa, ndugu zangu, na huku ukimuuliza mtu wa Nairobi atakwambia Afrika Mashariki haijawahi kurusha hata fataki.

Kwa nini wakaja mpaka Ngomeni? Sababu ya kwanza inajulikana na wengi: Ngomeni iko nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, na kwenye ikweta ardhi inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki inaondoka tayari imesukumwa, na roketi ndogo kama Scout ilihitaji kila msaada. Sababu ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi kwa kisa chetu. Juu ya bahari ya Atlantiki, upande wa Brazili, kuna mahali ambapo chembe zenye umeme zilizonaswa na sumaku ya dunia hushuka chini zaidi kuliko kwingine. Setilaiti ikipita hapo vipimo vyake vya eksirei huchafuka, ni kama kujaribu kusikiliza mawaidha huku jenereta linanguruma kando yako. Lakini setilaiti inayozunguka sambamba na ikweta hupakwepa mahali hapo karibu kabisa. Kutoka Florida, roketi ndogo isingeweza kuipeleka setilaiti kwenye njia hiyo. Kutoka Ngomeni iliweza.

Na lazima kwenda juu, kwa sababu eksirei za nyota hazifiki ardhini. Hewa tunayovuta, ambayo tunaiona nyepesi kama si kitu, ikijumlishwa yote kutoka hapa mpaka juu ni kinga nzito inayozinyonya zote, na ni heri kwetu. Kwa hiyo mtu angeweza kuishi na darubini kubwa kuliko zote juu ya Mlima Kenya na asione hata chembe moja.

DAKIKA SITA ZA MWAKA 1962

Mtu wa kwanza kufanikiwa kuliona jambo hili vizuri alikuwa Riccardo Giacconi, Mtaliano mzaliwa wa Genoa mwaka 1931, ambaye alihamia Marekani. Mwezi wa Juni 1962 yeye na wenzake walirusha roketi kutoka jangwa la New Mexico ikiwa na vipimo vya eksirei. Roketi ile haikwenda kuzunguka dunia. Ilipanda na kuanguka, na muda wa kutazama ukawa chini ya dakika sita. Lakini dakika hizo zilitosha kuonyesha kwamba upande wa kundi la nyota la Nge, ambalo mabaharia wetu waliliita Akarabu, kuna kitu kinachomwaga eksirei kwa wingi usiotarajiwa. Kikapewa jina la Scorpius X-1.

Wengine wakafuata njia hiyo. Miaka ya 1960 ikaisha ikiwa na dazeni chache za vitu kama hivyo, kila kimoja kimeonwa kwa dakika chache na roketi inayoanguka. Kimoja kilionwa mwaka 1967 upande wa kusini, katika kundi la Centaurus, kikaitwa Centaurus X-3. Lakini kukifahamu kitu kwa njia hii ni sawa na kutaka kumjua mtu kwa kumuona dirishani matatu ikipita. Unajua yuko, basi. Hujui anaishi na nani, anafanya kazi gani, wala kama jana alikuwepo.

Giacconi alitaka setilaiti ikae juu miezi na miaka, itazame, irudie, itazame tena. Kampuni aliyokuwa akifanyia kazi, American Science and Engineering ya jimbo la Massachusetts, ikatengeneza vipimo, na shirika la NASA likaichukua kazi ya setilaiti yenyewe. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa mhandisi mwanamke, Marjorie Townsend, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa shirika hilo kukabidhiwa mradi mzima wa setilaiti. Dada zetu mnaoambiwa hesabu si zenu, jina hilo liandikeni mahali.

Tarehe 12 Desemba 1970 ilikuwa Jumamosi. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Kwa kalenda yetu ulikuwa mwezi wa Mfunguo Mosi mwaka 1390, Idi imepita kama wiki mbili hivi. Mchana wa siku hiyo roketi ikapaa kutoka San Marco, na setilaiti, ambayo mpaka hapo ilikuwa ikiitwa kwa herufi tu za kiofisi, ikapewa na Bi. Townsend jina la Uhuru, kwa heshima ya siku yenyewe na shukrani kwa nchi iliyowapokea.

Ilikuwa setilaiti ndogo, kilo 140 na kitu. Magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 yanaishinda kwa uzito. Ilikuwa na vipimo viwili vilivyotazamana mgongo kwa mgongo, nayo ikijigeuza polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikifagia mbingu mkanda mmoja baada ya mwingine. Kuizunguka dunia ilichukua dakika 96, zaidi ya kilomita 500 juu yetu, na kwa kuwa njia yake ilikuwa juu ya ikweta, kila mzunguko ilipita juu ya Afrika Mashariki. Karibu mara 14 kwa siku, Uhuru ilipita juu ya vichwa vya wazee wetu na hakuna aliyeinua macho.

NYOTA INAYOPIGA KAMA MOYO

Sasa tufike kwenye kiini. Januari 1971, mwezi mmoja tu baada ya kurushwa, Uhuru iliielekea Centaurus X-3, na wataalamu wakaona kwenye karatasi zao kitu ambacho roketi zisingeweza kukionyesha. Eksirei hazikuja mfululizo. Zilikuja kwa mapigo, kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.84. Unaweza kusema pole pole kabisa "subhanallah" mara tatu au nne, na pigo lingine limefika.

Kitu chochote kinachopiga kwa mpango namna hiyo lazima kinazunguka, na kwa nguvu ile ya eksirei lazima ni kidogo na kizito kupita kiasi. Hapo wakakumbuka nyota za nyutroni. Mwaka 1934 wanafalaki wawili, Walter Baade na Fritz Zwicky, walisema kwamba nyota kubwa ikilipuka mwisho wa umri wake huenda kiini chake kikaporomoka na kubaki bonge la nyutroni tupu. Watu walilichukulia kama wazo la vitabuni. Mwaka 1967 mwanafunzi wa Cambridge, Jocelyn Bell, akagundua mapigo ya redio kutoka angani, na ikadhihirika kwamba nyota hizo zipo kweli.

Nyota ya nyutroni ni kitu cha ajabu. Ina uzito kulishinda jua letu, lakini upana wake ni kilomita 20 na kidogo. Chukua ramani ya Nairobi, weka ncha moja Kawangware na ya pili uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, umeipima yote. Kijiko kimoja cha chai cha udongo wake, kama ungeweza kukichota, kingekuwa na uzito wa karibu tani bilioni mbili.

Lakini nyota ya Centaurus haikuwa kama zile za Jocelyn Bell. Kwanza, mara kwa mara ilizimika. Uhuru ilitazama na kuona eksirei zimepotea karibu masaa 12, kisha zimerudi kama hakuna kilichotokea, na baada ya siku mbili na masaa mawili tangu kuzimika, zinazimika tena. Saa zile zile, hesabu ile ile. Pili, mapigo yenyewe hayakuwa na uaminifu kamili. Kwa muda yalikuja yamebanana kidogo, kwa muda yakaachana kidogo, tofauti ya elfu chache za sekunde moja.

Hapa ndipo akili za watu zilipofanya kazi, na naona hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Fikiria wale vijana wanaopita usiku na ngoma kuamsha watu kula daku. Tuseme mpiga ngoma ni hodari, anapiga pigo moja kila sekunde tano, hakosei. Wewe umelala ndani. Yeye anauzunguka uwanja mkubwa. Akiwa anakuja upande wako, kila pigo lina safari fupi kuliko lililotangulia, kwa hiyo mapigo yanakufikia yamebanana. Akiwa anakwenda mbali, kila pigo lina safari ndefu zaidi, yanachelewa. Bila kufungua dirisha, ukiwa na saa nzuri, ungeweza kuchora uwanja wote na kusema mpiga ngoma yuko wapi na anakwenda kasi gani.

Ethan Schreier na wenzake wa timu ya Giacconi walifanya hivyo hivyo. Walihesabu mapigo wakakuta kuwahi na kuchelewa kwake kunafuata mpango wa siku mbili na masaa mawili, ule ule wa kuzimika. Na zaidi ya hapo, saa mbili zile zilikubaliana: eksirei zilipotea wakati mahsusi ambapo mapigo yalionyesha kwamba nyota imefika nyuma kabisa ya duara lake. Basi haikuwa inazimika. Ilikuwa inapita nyuma ya kitu kikubwa, kama jua linavyopatwa na mwezi. Nyota ile ya nyutroni ina mwenzake.

Makala yao yalitoka mwaka 1972. Mapigo yaliwahi karibu sekunde 40 nyota ikiwa upande wetu, na kuchelewa karibu sekunde 40 ikiwa upande wa pili. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo nusu ya upana wa duara lake ni karibu kilomita milioni 12, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya umbali wetu na jua. Na kasi yake ni kilomita 415 kwa sekunde. Kutoka hapa Kawangware ungekuwa Mombasa kabla hujamaliza kusema "shukisha". Kitu cha kuishika nyota isitoroke kwa kasi hiyo lazima kiwe na uzito mkubwa, na hesabu ikatoa jibu: si chini ya majua 15.

Mwenzake huyo alikuwa bado hajaonekana kwa macho. Mwaka 1974 mwanafalaki wa Poland, Wojciech Krzemiński, akaipata mahali penyewe nyota ya buluu yenye joto kali, ambayo mwanga wake unapanda na kushuka kwa mpango ule ule. Leo inaitwa kwa jina lake, na uzito wake unakadiriwa kuwa karibu majua 20.

EKSIREI ZINATOKA WAPI?

Nyota kubwa kama ile haitulii. Inapeperusha gesi yake nje mchana na usiku, na kwa kuwa mwenzake yuko karibu sana, sehemu ya gesi inavutwa upande wake. Gesi haianguki moja kwa moja. Inazunguka kwanza, kama maji yanavyozunguka kwenye tundu la karo, kisha inanaswa na sumaku kali ya nyota ya nyutroni na kupelekwa kwenye ncha zake mbili. Inapogonga chini imeshafikia kasi ambayo ni sehemu kubwa ya kasi ya mwanga. Mgongano huo unazalisha joto la mamilioni mengi ya nyuzi, na kitu chenye joto hilo hakiwaki kwa rangi nyekundu wala nyeupe, kinawaka kwa eksirei. Nguvu yake inazidi mwanga wote wa jua letu kwa maelfu ya mara. Nyota inapozunguka, ncha zenye moto zinatugeukia na kutukwepa, ndiyo mapigo yale.

Walijuaje kwamba ni gesi inayoanguka na si kitu kingine? Nyota za Jocelyn Bell zinaishi kwa kula akiba yake, yaani zinazunguka polepole zaidi kadiri miaka inavyopita. Ya Centaurus ikafanya kinyume. Ikazidi kasi. Zile sekunde 4.84 za mwaka 1971 leo ni karibu 4.80. Watoto waliocheza pia wanalijua jambo hili: ukiiacha, pia inachoka na kuanguka, lakini ukiicharaza kwa kamba inazidi kuzunguka. Gesi ndiyo kamba. Tena kwa jinsi ilivyozidi kasi upesi upesi, kitu kile lazima ni kidogo mno. Nyota ya aina nyingine isingebadilika haraka hivyo.

Kuna kichekesho ndani ya ndoa hiyo. Kwa kawaida nyota nzito ndiyo inayokufa mapema, kwa sababu inachoma haraka. Iweje basi aliyekwisha kufa ni mdogo na aliye hai ni mkubwa? Jibu ni kwamba zamani mambo yalikuwa kinyume. Aliyekufa ndiye aliyekuwa mkubwa, na alipozeeka akavimba, mali yake nyingi ikahamia kwa mwenzake. Akalipuka akiwa maskini, na kwa sababu alikuwa ameshagawa uzito wake, mlipuko haukuwatenganisha. Sasa mwenzake anarudisha mali kidogo kidogo, na marudisho hayo ndiyo tunayoyaona. Wanawake wa mtaani wakisikia hadithi hii watasema wanaijua nyumba yenyewe.

Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973. Iliyagundua mapigo ya Hercules X-1, sekunde 1.24, na ilisaidia kuionyesha Cygnus X-1, ambayo ilikuja kukubaliwa kuwa shimo jeusi linalozunguka na nyota kubwa. Mei 1975 setilaiti nyingine, SAS-3, ikaruka kutoka jukwaa lile lile la Ngomeni na kugundua mapigo ya Vela X-1, nyota ya nyutroni ambayo nayo ina mwenzake mkubwa. Hiyo inapiga pole pole mno, mara moja kwa sekunde 283, na mzunguko wake ni siku tisa hivi. Kwa hiyo nyota mbili za aina hii zinazosomeshwa zaidi vyuoni zilisomwa mapigo yake na vyombo vilivyotoka Ngomeni. Mwaka 2002 Giacconi alipewa nusu ya tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo ya eksirei za angani. Alifariki Desemba 2018.

HERUFI MOJA

Sasa swali ambalo kijana yeyote mwenye akili atauliza: na sisi?

Makala ya mwaka 1971 na ya 1972 kuhusu Centaurus X-3 yana majina ya waandishi wake juu. Giacconi, Gursky, Kellogg, Schreier, Tananbaum, na katika la pili yumo Levinson. Hakuna Mkenya. Mwaka 1970 ndio mwaka ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake kama chuo kikuu kamili, na setilaiti ilikuwa inaondoka kwenye bahari ya nchi hiyo hiyo. Roketi ya Marekani, jukwaa la Italia, vipimo vya Massachusetts. Chetu kilikuwa mahali, siku, na neno.

Wako watakaosema neno ni zawadi ya mdomoni, gharama yake hakuna. Mimi sikubaliani nao kabisa. Orodha ya nne na ya mwisho ya vitu vilivyoonwa na setilaiti ile ilichapishwa mwaka 1978. Ina vitu 339, na kila kimoja jina lake linaanza na 4U. Hiyo U ni Uhuru. Centaurus X-3 ni 4U 1118-60, Vela X-1 ni 4U 0900-40. Mpaka leo, mtu akiandika makala Tokyo au Moscow juu ya kitu hicho, anaandika herufi ya kwanza ya neno lililopigiwa kelele na wazee wetu walipokuwa wakidai nchi yao, hata kama mwandishi hajui. Waarabu waliacha majina yao angani kwa njia nyingine, kwa kutazama na kuandika: ile nyota kali kabisa ya kundi la Centaurus bado inaitwa Rigil Kentaurus, na hiyo "rigil" ni "rijl", mguu, kwa Kiarabu. Wao waliyapata majina yale kwa kazi yao. Letu tulipewa kwa kuwa wenyeji. Tofauti ipo, na ni vizuri tuijue kama ilivyo, bila kujipaka sifa na bila kujidharau.

Kazi yetu wenyewe imeanza kwa kuchelewa. Kenya ilianzisha Shirika lake la Anga mwaka 2017. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliyofanywa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, iliachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyorushwa kutoka California. Zote mbili ni za kutazama ardhi, si nyota. Na zote mbili, utaona, ziliondokea mbali na Ngomeni.

Lakini pwani ile haikunyamaza baada ya 1988. Kituo cha Malindi kilibaki na mitambo ya kupokea habari kutoka juu, kwa sababu setilaiti inayozunguka sambamba na ikweta ni rahisi kuizungumzisha kutoka hapo. Setilaiti ya Italia ya BeppoSAX, iliyofanya kazi kuanzia 1996 mpaka 2002, ilishusha habari zake Malindi. Desemba 2021 ilirushwa IXPE, ya Marekani na Italia, inayopima jinsi mawimbi ya eksirei yanavyojipanga, na kituo chake kikuu cha kupokelea habari kikawa Malindi. Mwaka 2022 IXPE iliitazama nyota yetu ile ile, Centaurus X-3. Nadharia zilikuwa zimetabiri mpangilio mkubwa, hata kufikia asilimia 80. Kilichopatikana kilikuwa karibu asilimia 6. Maana yake ni kwamba baada ya miaka 50 bado kuna kitu muhimu hatukijui kuhusu yale yanayotokea pale gesi inapogonga ncha ya nyota ile, na habari za fumbo hilo zilishukia Malindi kabla ya kufika kwingine.

Atakaye kuitafuta mwenyewe, mwezi wa Mei saa tatu usiku, kama mawingu ya masika yataruhusu na stima imepotea mtaa mzima, atazame kusini. Msalaba wa Kusini utakuwa umesimama wima. Ramadhani ikiangukia Februari au Machi, unaonekana wakati wa daku, umeinama kidogo. Mei, nyosha mkono, weka ngumi kando ya msalaba upande wa kulia. Pale ngumi inapokaribia kuisha ndipo ilipo, miaka-nuru kama 20,000 kutoka hapa. Kwa macho huioni, mwenzake ni hafifu mno. Inapiga tu.